Gereji ya Kumi na Saba

Jumamosi, 14 Juni

Mdogo wangu,

Mume wangu alifariki Jumapili, tarehe 18 Mei, saa mbili kasorobo asubuhi, ndani ya mahabusu ya kituo cha polisi, baada ya kukaa humo saa arobaini na sita kasoro dakika tano bila sindano yake ya sukari.

Nakuandikia kana kwamba hujui, kwa sababu mazishini ulikaa dakika ishirini na tano, ukampa kila mtu mkono, ukaondoka kabla sijakuuliza kitu. Na nakuandikia barua kwa sababu simu huzimwa. Hii nimeileta mwenyewe kwenye dirisha la mapokezi la Tume ya Jiji, na nakala yangu imegongwa muhuri.

Kosa lake lilikuwa kibao. Wewe unaelewa, lakini acha niandike kwa ajili ya faili. Kila gereji yenye leseni hupewa kibao kimoja cha namba za majaribio. Gari la mteja likishatengenezwa, tunalifunga kibao kile, tunalizungusha barabarani kusikia kama limepona, tunarudi, tunakifungua. Kesho kiko kwenye gari jingine. Kamera zenu za kusoma namba zikaona namba moja kwenye magari thelathini na moja ndani ya wiki sita. Mashine ikasema wizi. Polisi wakamsimamisha Ijumaa saa tatu na dakika hamsini, mita mia sita kutoka mlangoni kwetu, ndani ya pikapu ya mteja, na ovaroli yake mwilini.

Nilipeleka sindano kituoni mara tatu. Mara ya kwanza wakataka barua ya daktari. Mara ya pili nikaja na barua, wakataka ya daktari wao, ambaye harudi hadi Jumatatu. Mara ya tatu yule askari wa kaunta akaniambia, "Mama, utazoea." Nilimuuliza nizoee nini. Akamwita anayefuata.

Nina maswali mawili tu.

La kwanza. Jumamosi ile nilikupigia mara saba. Ulikuwa wapi?

La pili. Kwenye mkutano wa ukumbi wa shule, kabla kamera hazijawashwa, nilisimama mbele ya watu nikauliza vibao vya gereji itakuwaje. Ofisa akajibu kwamba Tume itatoa orodha ya gereji zote za mtaa, mashine ilishwe, isizisumbue. Wewe ulikuwa umekaa mezani, mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, ukaitikia kwa kichwa. Gereji yangu haikuwamo kwenye orodha. Kwa nini?

Dada yako


Alhamisi, 19 Juni

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Hakuna siku inayopita sijamkumbuka shemeji. Juzi gari la ofisi lilikuwa linanguruma vibaya, nikajikuta nasema, "Lipelekeni kwa Sikio," kama mtaa mzima ulivyomwita.

Nikujibu moja moja. Jumamosi ile tulikuwa kwenye kikao cha ndani cha siku mbili, na simu zilikusanywa mlangoni zikawekwa kwenye kapu. Ndivyo taratibu zilivyo hoja nzito ikijadiliwa. Kuhusu orodha, ofisi iliandaa, na kwa bahati mbaya karani aliruka mstari mmoja. Nimeshaagiza irekebishwe. Gereji yako sasa ndiyo ya kwanza kabisa kwenye orodha mpya. Uchunguzi juu ya kituo nao unaendelea, na tusiuingilie.

Sasa nisikilize kama mtu mzima mwenzangu. Tarehe 10 Julai tunapiga kura. Ni hoja moja, haikugawanywa: kamera ziende kwenye mitaa mingine tisa, na mtaa wetu upate mitaro, sakafu ya zege kwa mafundi wote, na vyoo. Umesubiri mitaro miaka mingapi? Shemeji mwenyewe kila mvua alikuwa akiniuliza kama leseni yake ni ya magari au ya mitumbwi. Nasikia umeomba nafasi ya kuzungumza siku hiyo. Ukisimama wewe, mjane, na historia hii, hoja yote inaanguka, na mitaro inaanguka nayo. Mafundi wenzako watakulaumu wewe, si mimi.

Naomba uondoe jina lako kwa wazungumzaji. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mtaa.

Wako,
Mjumbe wa Tume ya Jiji
na Mwenyekiti, Kamati ya Usalama na Maendeleo ya Mitaa


Jumapili, 22 Juni

Mheshimiwa Mjumbe,

Umetia sahihi kwa cheo mara mbili, nami nakuita unavyopenda.

Jana nililifungua daftari la majaribio. Unalikumbuka, lenye gamba la bluu na dole gumba la grisi pale kwenye kona. Safu tano: tarehe, gari, ugonjwa, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Kuanzia Ijumaa ya tarehe 4 Aprili, kamera zilipowashwa, mpaka Ijumaa ya tarehe 16 Mei, ni mistari thelathini na mmoja. Nimehesabu mara tatu, ya tatu kutoka chini kwenda juu. Mashine yenu imesema thelathini na moja. Haikukosea hata gari moja! Mwenye kujua maana ya hesabu hiyo alikuwa mmoja, naye mlikuwa mmemfungia.

Mstari wa mwisho ni wa mwandiko wake: Pikapu ya kijivu. Breki zinalia, nyuma kushoto. Kutoka 3:40. Safu ya kurudi iko wazi. Mafundi wananiuliza kwa nini naandika magari mapya kwenye makaratasi ya boksi. Ni kwa sababu siwezi kuijaza safu ile, na siwezi kuandika mstari mwingine chini yake ikiwa wazi.

Unaandika kana kwamba hukijui kibao. Kibao kile ndicho ulichojifunzia kuendesha. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Kila jioni baada ya kazi Sikio alikufungia kwenye gari bovu kuliko yote, akakaa kushoto kwako, mkono kwenye breki. Uliunguza klachi mbili ndani ya wiki moja, ndipo akakuita Klachi, na mtaa mzima ukalipokea jina. Akaniambia, "Mke wangu, huyu mdogo wako kwa gari hafai. Mtafutie ofisi." Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nami nikakutafutia ofisi.

Habari ya karani kuruka mstari haijaniingia. Nimemwona karani wa Tume, yule wa dirishani mwenye miwani ya kamba. Barua yangu ilikuwa na kurasa mbili, akazihesabu mara mbili kabla ya kugonga muhuri, akaniuliza kwa nini ya pili haina tarehe. Mtu huyo haruki mstari. Fundi rangi, jirani yangu, anasema huyo hata choo anaingia kwa foleni akiwa peke yake. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei, nikajisikia vibaya.

Mtaa wetu una gereji kumi na saba. Sijakadiria, nimetembea nikahesabu, upande wa kushoto tisa, wa kulia nane. Nimeomba rasmi nakala ya orodha.

Jina langu silitoi kwa wazungumzaji.

Dada yako


TUME YA JIJI
Ofisi ya Karani
Ijumaa, 27 Juni

Mama Mwenye Gereji,

YAH: MAOMBI YA NAKALA YA ORODHA YA GEREJI

Rejea barua yako ya tarehe 22 Juni kuhusu somo tajwa hapo juu.

2. Umeomba nakala ya orodha ya gereji iliyowasilishwa polisi tarehe 28 Machi. Nakala hiyo imeambatishwa kama Kiambatisho A.

3. Kwa kuwa kanuni zinataka mwombaji apewe waraka pamoja na rasimu uliotokana nayo, rasimu ya tarehe 24 Machi imeambatishwa kama Kiambatisho B, hata kama haikuombwa.

4. Ofisi hii inathibitisha kuwa rasimu iliandaliwa na aliyetia sahihi hapa chini, na kwamba ilitoka ofisini ikiwa kamili.

5. Pokea salamu za rambirambi. Marehemu alinitengenezea gari mwaka jana na hakunificha kitu.

Karani wa Tume


Jumapili, 29 Juni

Mheshimiwa,

Kiambatisho B kina gereji kumi na saba. Yangu ni ya tisa, na namba ya kibao imeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Juu yake umepita mstari, kwa rula, wino wa kijani.

Kiambatisho A kina kumi na sita. Ya kumi imekuwa ya tisa, ya kumi na moja imekuwa ya kumi, wote wamesogea wakaziba pengo. Mtu asiyejua mtaa hawezi kuona kama kuna aliyetoka.

Kadi yako ya rambirambi ninayo. Nayo ni ya wino wa kijani.

Naomba usinitajie tena karani.

Dada


Jumatano, 2 Julai

Dada,

Karani hakuruka kitu. Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara nne. Nikiandika kwa lugha ya ofisini naona aibu, na lugha nyingine naona kama nimeisahau. Nivumilie.

Ilikuwa Machi. Mjumbe wa mitaa ya ng'ambo, yule anayenipinga hata nikisema leo ni Jumatatu, alikuwa ameniuliza mbele ya waandishi: "Mwenyekiti, nguzo hizi za kamera zinaanzia mtaa ule kwa sababu dada yako ana gereji pale?" Watu wakaguna. Wiki hiyo hiyo ikaletwa rasimu niipitishe. Nikaiona jinsi yeye angeiona: orodha ya watu ambao mashine ya polisi haitawagusa, dada yangu yumo, na sahihi yangu iko chini. Nikachukua rula. Nilijiambia kura ikipita nitakurudisha kimya kimya, ni miezi mitatu tu. Nilisahau kwamba kibao hutembea kila siku.

Kinachoniuma ni hiki. Siku ile nilitoka ofisini nikijiona mtu safi. Nilimwambia mke wangu, "Leo nimemnyima hata ndugu yangu," naye akanisifu.

Kuna la pili, nalo karani halijui. Nisiposema, hutalijua kamwe, na ningependa usingelijua. Lakini Sikio asingenificha.

Simu zilikusanywa kweli. Ila Jumamosi saa sita tulirudishiwa kwa ajili ya chakula. Nikaona umenipigia mara nne. Kabla sijabonyeza, mkuu wa kituo akapiga. Akasema, "Mheshimiwa, kuna mzee hapa wa namba za kutatanisha, anasema wewe ni shemeji yake. Tumwachie?" Nilikuwa nimesimama karibu na yule mjumbe wa ng'ambo, dada. Alikuwa ananisikia. Nikasema, "Msimpendelee. Fanyeni kama kwa mtu mwingine yeyote." Akasema, "Ana sukari, anaomba dawa yake." Nikasema hilo nalo lina utaratibu wake.

Kisha nikaenda kula.

Nilijua sindano zinakaa kwenye friji ndogo ya gereji, nyuma ya chupa za maji. Nilijua anachoma asubuhi na jioni. Nilifikiri Jumatatu atatoka, atanitania, ataniambia jela ile imemchosha kuliko kumfundisha Klachi kuendesha. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumcheka.

Nimeamua kujiuzulu. Lakini niache kwanza kura ipite tarehe 10. Nikisema haya siku ile, hoja inakufa na mitaro haipo tena, na kitu pekee chema ninachoweza kuuachia mtaa kitakuwa kimekufa pia. Baada ya wiki mbili nitaandika barua ya kuondoka kwa sababu za kiafya. Hakuna atakayejua, na wewe utapata sakafu ya zege.

Ulinilea tangu nina miaka sita. Nihurumie mara moja ya mwisho.

Klachi


Jumamosi, 5 Julai

Klachi,

Barua yako niliisomea ndani ya pikapu ya kijivu. Polisi walilirudisha gereji, lakini mwenye gari hajaja kulichukua. Anasema hawezi kuliendesha. Breki zake nimezitengeneza mwenyewe, kwa hiyo sasa hazilii, na sijui ni nani wa kumwambia.

Nianze na langu, usije ukadhani nakuandikia kama mtu asiye na doa. Saini za kuomba taa za barabarani nilizikusanya mimi. Mia nne na kumi na mbili, nyumba kwa nyumba, miaka miwili, Sikio akinishikia mwavuli. Jana nilitoa nakala ya fomu. Aya ya sita inasema: "pamoja na vifaa vingine vya usalama vitakavyoonekana kufaa." Niliisoma wakati ule. Nilidhani ni geti! Nikawaambia watu ni geti, wakasaini. Leo nguzo ni kumi na nne, kila nguzo ina taa juu na jicho chini yake. Taa zinawaka vizuri, siwezi kudanganya. Kila ninapopita chini yake naisikia ile kalamu ikizunguka mlango kwa mlango, na walioifungulia milango walinifungulia mimi, si wewe.

Hilo ni langu, nitalibeba. Sasa lako.

Nimelipigia hesabu mara nyingi, na jibu ni lile lile. Gereji kumi na sita ulizikinga, zote za watu baki. Kama ningekuwa mtu baki kwako, mume wangu angekuwa hapa sasa anagombana na redio. Aliuawa na undugu, Klachi, tena undugu uliokataliwa kwa rula. Hukuombwa kunipendelea. Uliombwa uniache pale karani aliponiweka.

Na pale simuni hukuombwa upendeleo pia. Mgonjwa kupewa dawa yake si upendeleo. Ungekuwa mtu mwingine yeyote, umesimama tu barabarani, mzee akakuambia ana sukari, ungemtafutia dawa. Nakujua, nimekulea mimi.

Kuhusu mitaro. Umeniandikia mara mbili kwamba ukweli ukisemwa, mitaro inakufa. Wajumbe ni kumi na mmoja. Tangu Jumatano nimeonana na saba, kila mmoja ofisini kwake. Niliwauliza jambo moja tu: hoja ikigawanywa mbili, mitaro na zege upande mmoja, kamera upande wake, utapiga kura gani kwa mitaro? Sita wamesema ndiyo, mmoja wao ni huyo wa ng'ambo unayemwogopa. Alinipa kiti, akaagiza maji, akaniuliza sukari ilimwanza marehemu mwaka gani. Sita kati ya kumi na mmoja inatosha. Lakini kanuni zinasema mwenye hoja tu ndiye anayeweza kuigawanya, na mwenye hoja ni wewe. Kwa hiyo usijifiche tena nyuma ya mitaro. Haina kina cha kukuficha.

Unataka kuondoka kwa sababu za kiafya. Mwenye sababu za kiafya alikuwa Sikio.

Sitaki ufungwe, sikulea mtu ili nikampelekee chakula kaunta ile ile. Wala sitaki kuombwa radhi jikoni kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Nataka hili. Alhamisi, tarehe 10, saa nne asubuhi, kabla ya kura, usimame kwenye kiti chako, useme kwa mdomo wako kwamba gereji ya kumi na saba uliifuta wewe, kwamba ulipigiwa simu Jumamosi saa sita, na ulivyojibu. Kisha uigawanye hoja. Usilie. Sema kwa sauti, kwenye kinasa, iingie kwenye kumbukumbu za Tume mahali ambapo rula haifiki.

Ukikubali, nitakaa kiti cha nyuma yako. Watu wakikuzomea watanizomea na mimi, tulishazomewa sote ulipozimisha gari katikati ya makutano. Nitakuja na daftari. Tukitoka nje nitakupa kalamu, na utaandika wewe kwenye ile safu ya kurudi chochote unachoona ni cha kweli, ili nami niweze kufungua ukurasa. Mimi nimejaribu siku arobaini na nane, sijui kinachoandikwa pale.

Ukikataa, nitasoma mwenyewe barua yako ya tarehe 2, yote, bila kuruka mstari, mpaka pale ulipokwenda kula.

Jumatano, tarehe 9, nitafunga gereji saa kumi kamili jioni. Hadi saa hiyo nataka karatasi mkononi mwangu, kwa mwandiko wako, wino wowote, yenye neno moja. Nikifunga mlango bila karatasi, nitajua umejibu.

Utasimama, ndiyo au hapana?

Dada yako